Wasomaji Wanauliza: Kamera, Magari ya Zamani na Mbio za Magari

Barua za mara hii zimetoka Unguja na Pemba, na nyingi zimeandikwa na watu waliopenda gari la zamani kwanza, kamera ikafuata baadaye. Nyingine tumezijibu kwa urefu, nyingine kwa maneno machache, kwa kadiri ya swali lenyewe.

Kazi hii inalisha?

*Assalaam alaykum. Nina miaka 22, nina kamera yangu na lenzi moja. Napenda magari ya zamani na mbio za magari kuliko kitu chochote. Wazee nyumbani wanasema Zanzibar hakuna uwanja wa mbio wala wateja wa picha za namna hiyo, nitafute kazi ya maana. Je, mtu anaweza kula kwa kazi hii mpaka uzeeni?* — Kijana, Kiembesamaki

Waalaykumu salaam, mwanetu. Wazee wako wamesema nusu ya ukweli. Uwanja wa mbio haupo, na picha za mbio peke yake hazitakulisha. Picha ya mshindi akimaliza mbio kila mtu anayo, na baada ya siku tatu haina mnunuzi. Wanaodumu na fani hii mpaka mvi ni wale wenye hazina ya picha zilizopangwa, zenye maelezo kamili, ambazo haki zake bado ziko mikononi mwao.

Chukua mfano wa mbio za magari za Safari (Safari Rally). Mbio hizo zilianza 1953 kwa jina la Coronation Safari, zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1966 na 1967 Bert Shankland, aliyekuwa akiishi Tanzania, alishinda mara mbili mfululizo kwa Peugeot 404. Gari lililoshiriki mbio za miaka ile leo linauzwa kwa historia yake, na mnunuzi hataki hadithi, anataka ushahidi: picha inayoonyesha namba ya usajili, namba ya mlangoni, taa za ziada na mahali bodi ilipobonyea. Picha ambayo siku ilipopigwa haikuwa na bei ndiyo inayosakwa sasa. Ila haiwezi kupatikana kama ndani ya faili imeandikwa "rali 4" tu.

Kwa hiyo tabia ya kwanza ya kujizoesha ni kuandika. Kila picha unayoiweka iwe na tarehe, mahali hasa (jina la kijiji au la kipande cha njia, si jina la mkoa tu), namba ya gari, namba ya usajili, aina na toleo la gari, dereva na msaidizi wake. Kwa gari la zamani lililotulia, muombe mwenyewe uone namba ya chesisi na ya injini, uzipige picha, uziweke pamoja na picha zake. Usizitangaze bila idhini yake. Maelezo hayo yaandikwe siku ile ile. Baada ya mwezi hutakumbuka Datsun ipi ilikuwa ya nani.

Riziki ya kila mwezi itoke nyumbani: arusi zinazokodi magari ya zamani, wenye magari wanaotaka kumbukumbu nzuri au wanaotaka kuuza, hoteli, na mafundi wanaotaka hatua za matengenezo zirekodiwe. Hili la mwisho vijana wengi hulidharau, na si la kudharau. Gari linalovuliwa rangi mpaka bati, likachomelewa na kupakwa upya, hutoa picha mia kadhaa ambazo mwenyewe atazihitaji siku ya kuuza.

Mbio zenyewe utazifuata ng'ambo ya bahari. Bara kuna rali za kitaifa chini ya AAT, chama cha magari cha Tanzania. Kenya kuna Safari, iliyorudi kwenye ubingwa wa dunia 2021 na kituo chake kikiwa Naivasha, na kuna East African Safari Classic, ya magari ya zamani, iliyoanza 2003. Kibali cha mpiga picha huombwa wiki nyingi kabla. Kwa kawaida wataka barua ya chombo cha habari kinachokutuma na picha zako zilizokwisha kuchapishwa, na utatia saini fomu ya kukubali hatari. Ukikosa kibali mara ya kwanza, nenda kama mtazamaji, piga picha kutoka sehemu ya watazamaji, zichapishwe hata katika gazeti dogo, kisha omba tena mwaka unaofuata ukiwa na kitu mkononi.

Na usiuze picha. Uza matumizi ya picha. Risiti iseme imetolewa kwa kazi gani, kwa muda gani na katika nchi zipi. Visiwani sheria ya hakimiliki ni ya 2003 na chombo chake ni COSOZA, ofisi ya hakimiliki ya Zanzibar. Bara wana sheria yao na COSOTA yao, kwa hiyo ukifanya kazi Dar es Salaam usidhani karatasi za Unguja zinatosha.

Mzazi ana wasiwasi

*Mwanangu anasafiri kwenda bara kupiga picha za rali. Nimeona kwenye simu gari limeacha njia na kuwavamia watu. Mimi sijui mambo hayo, nimwambie asimame wapi?* — Mama, Mkoani

Bi mkubwa, wasiwasi wako ni wa haki. Mwambie haya, na umwambie ayarudie mbele yako.

Asisimame upande wa nje wa kona. Gari likishindwa kukata kona huendelea mbele, na mbele ndiko aliko yeye. Upande wa ndani nao si salama kama watu wanavyodhani, kwa sababu madereva hukata kona wakapanda ukingo. Mahali pazuri ni juu: kwenye kingo za udongo zilizoinuka, mita mbili au zaidi kutoka usawa wa njia, au nyuma ya mti mnene wa kweli. Mgomba hauhesabiki.

Kabla ya kutoa kamera begini ajue atakimbilia wapi. Nyuma yake kusiwe na seng'enge, shimo wala begi lake mwenyewe. Asikae chini, asipige magoti, asiweke spika za masikioni. Gari la rali husikika kabla halijaonekana, na sikio ndilo litakalomuokoa. Jicho likiwa kwenye kamera, gari huonekana liko mbali kuliko lilipo, hasa kwa lenzi fupi. Kwa hiyo aweke mpaka wake mapema: gari likifika kwenye jiwe fulani, anaacha kupiga, anaangalia kwa macho yake.

Fulana ya mpiga picha haizuii gari. Msimamizi wa njia akisema ondoka, hakuna mjadala. Magari yenye namba 000, 00 na 0 hutangulia kukagua njia. Yakishapita, asivuke tena mpaka gari la kufunga njia lipite, hata kama kimya kimetanda. Watu hujeruhiwa katika kimya hicho, wakidhani magari yamekwisha, kumbe moja lilikuwa limepata pancha na linafidia muda. Achukue lita tatu za maji, kofia, na kitambaa cha kufunika pua. Na kwenye boti kamera aipakate, isiende na mizigo ya chini inakoingia maji ya chumvi.

Picha zote zimevurugika

*Nilijaribu ule mtindo wa kuifuata gari kwa kamera ili nyuma kuvutike na gari itoke safi. Nilipiga zaidi ya mia mbili, zote zimevurugika. Nimetumia kasi ya shata 1/30 kama nilivyoelekezwa. Tatizo ni kamera?* — Mpiga picha, Michenzani

Kamera haina kosa. Umeanzia mwisho. 1/30 ya sekunde ni kwa aliyekwisha kuzoea, tena kwa gari linalokwenda taratibu. Anza na 1/250. Ukiona gari linatoka safi mara nyingi, shuka 1/125, kisha 1/60. Kwa gari la kilomita 80 kwa saa likipita ubavuni mwako, 1/125 inatosha kabisa kuzungusha magurudumu na kuuvuta mgongo wa picha. Ukipanda 1/1000 kila kitu kinaganda na gari la mbio linaonekana limeegeshwa. Kasi hiyo iweke kwa gari likiruka au likipasua dimbwi la maji.

Namna ya kusimama ndiyo kazi yenyewe. Nyayo zielekee pale unapotaka kupigia picha, si kule gari linakotokea. Kisha geuza kiuno kulifuata likiwa bado mbali, viwiko vimebana mbavu, mkono wa kushoto chini ya lenzi. Mwili ukijifungua kutoka kwenye msokoto unakwenda laini; ukianza umenyooka na kumalizia umejisokota, unakwama katikati. Kidole kibonyeze bila kushtua, na ukishabonyeza usisimame: endelea kulifuata gari mpaka likupite kabisa.

Fokasi iwe ile ya kuendelea kufuata kitu, nukta moja, uiweke juu ya mlango wa dereva au taa ya mbele. Kama lenzi yako ina kizuia mtikisiko chenye namna mbili, soma kijitabu chake utafute namna ya kufuatilia, ambayo katika lenzi nyingi ni ya pili. Ile ya kwanza hushindana na mkono wako ukizungusha.

Sasa zisome picha zako zilizoharibika kabla ya kuzifuta, maana zinasema kosa liko wapi. Gari limevurugika na ukuta wa nyuma umetulia: uliacha kuzungusha ulipobonyeza. Vyote viwili vimevutika kwa ulalo: mwendo wako haukulingana na wa gari. Mistari ya nyuma imepanda na kushuka kama mawimbi: viwiko viliachana na mbavu. Pua ya gari safi na mkia umevurugika: gari lilikuwa linageuka, na hilo si kosa, wakati mwingine ndiyo picha nzuri. Kila kitu ni laini bila mwelekeo: ama fokasi, ama joto linalopanda kutoka kwenye lami. La joto halina dawa isipokuwa kusogea karibu au kurudi asubuhi.

Kuna jambo moja la nuru ambalo wengi huku linawakwaza. Jua la mchana la Zanzibar na kasi ya 1/60 havipatani. Kwa ISO 100 (sensa ikiwa na wepesi mdogo wa kupokea nuru) utalazimika kufunga tundu la lenzi mpaka f/22, dogo kabisa, na hapo picha inapoteza ukali, na kila chembe ya vumbi kwenye sensa inajitokeza angani kama doa. Nunua kioo cheusi cha ND8. Kinakata nuru mara nane, kwa hiyo badala ya f/22 unapiga kwa f/8.

Vumbi la rali ni rafiki na adui. Kabla magari hayajaanza, rusha konzi ya mchanga uone upepo unaelekea wapi, usimame upande unaotoka upepo. Jua likiwa nyuma ya vumbi picha inawaka. Likiwa nyuma yako vumbi linakuwa ukuta mweupe tu. Kipima nuru cha kamera hudanganywa na weupe huo kikatoa picha nyeusi, hivyo ongeza kituo kimoja, yaani nuru mara mbili. Lenzi usibadilishe njiani. Kama una kamera mbili, kila moja ibaki na lenzi yake mpaka jioni.

Mazoezi hayahitaji rali. Barabara za Michenzani zimenyooka, na daladala za kilomita 40 kwa saa zinapita mchana kutwa. Simama mita kumi na tano nje ya njia, asubuhi, na piga zile zinazokupita ubavuni. Hata mzoefu hutupa nyingi kuliko anazobaki nazo.

Morris inazima ikipigwa picha

*Nina Morris Minor ya marehemu baba, injini 1098. Naikodisha kwa arusi. Barabarani haina shida, lakini ikifika Forodhani ikasimama dakika ishirini inanguruma na taa zimewashwa kwa ajili ya picha, inazima na haiwaki mpaka isukumwe au ipoe. Fundi amebadilisha plagi mara mbili.* — Mwenye gari, Mwanakwerekwe

Plagi hazina hatia. Gari lako linaumwa vitu viwili kwa pamoja, na la kwanza ni hizo taa. Morris ina dinamo, haina oltaneta. Dinamo ile ya Lucas, injini ikinguruma gari limesimama, haizalishi karibu chochote. Taa mbili kubwa za wati 45 pamoja na zile ndogo zinakula ampea tisa au kumi, koili inaongeza tatu au nne, na zote zinatoka kwenye betri. Betri iliyochoka haivumilii. Mwambie mpiga picha taa ziwashwe anapobonyeza tu, basi. Kama anataka ziwake muda mrefu, injini izimwe, na betri iwe ilichajiwa usiku kwa chaja ya nyumbani.

Ukitaka kuweka taa za LED zinazokula kidogo, angalia jambo hili kwanza: katika Morris waya wa chanya ndio uliofungwa kwenye bodi, kinyume na magari ya leo. Taa, redio au chaja ya simu isiyotengenezwa kwa mpangilio huo itaungua mara tu ukiiunga, au bodi yake ikigusana na ya gari itapiga shoti. Fundi wa umeme aliyezoea Toyota anaweza kuigeuza betri akidhani amekusaidia.

La pili ni joto la petroli. Katika injini hiyo kabureta limekaa juu ya manifoldi ya moshi, upande ule ule. Gari likitembea upepo unapoza. Likisimama mchana wa Kaskazi petroli inachemka ndani ya bomba na kwenye kabureta. Dalili yake utaisikia kwa sikio: pampu ya umeme ya SU iliyo kwenye ukuta wa injini, ambayo kawaida hugonga tik moja moja, inaanza kugonga mfululizo bila kusimama, kwa sababu inasukuma mvuke. Angalia kama bati la kukinga joto kati ya kabureta na manifoldi lipo. Mara nyingi fundi fulani wa zamani aliliondoa akalisahau. Bomba la petroli lipitishwe mbali na moshi na lifunikwe kwa soksi ya kuzuia joto. Likishazima, fungua boneti dakika kumi. Usimwage maji baridi juu ya injini ya chuma iliyochemka, inaweza kupasuka. Wale wanaobana vibanio vya nguo kwenye bomba la petroli waache waendelee, havidhuru, lakini hatujaona sababu ya vibanio kufanya kazi.

Kabla ya kuamini kuwa ni petroli, pima umeme wa plagi likiwa limezima na bado la moto. Chomoa waya wa plagi moja, weka plagi ya akiba, igusishe kwenye chuma cha injini, mtu apige stata. Cheche ya buluu yenye kishindo ni nzima. Ya manjano, nyembamba, au hakuna: badilisha kwanza kondensa ya distribyuta, ni kitu rahisi na huugua likipata moto, kisha hupona likipoa, ndiyo maana fundi hakukiona. Pointi za distribyuta ziachane milimita 0.38, plagi 0.64.

Maadamu gari hili linabeba maharusi, kuna sehemu moja tunaiogopa kuliko kuzima. Miguu ya mbele ya Morris ina viungo vya chini vyenye uzi wa skrubu. Visipotiwa grisi uzi unalika, na siku moja kiungo kinachomoka, gurudumu linalala ubavu gari likiwa mwendoni. Tia grisi kila kilomita 1,600 na baada ya kila masika, bila uzito kwenye gurudumu, mpaka grisi mpya itokeze. Kisha shika gurudumu juu na chini ulitikise. Likicheza, hakuna arusi mpaka vibadilishwe.

Ukitoka kupiga picha ufukweni, hata kama halikukanyaga mchanga, lioshe chini kwa maji baridi ya bomba siku hiyo hiyo: vishikizo vya springi za nyuma, chini ya milango, na mihimili ya mbele. Kutu ya Morris huanzia humo na haionekani juu mpaka imekwisha kula.

Doa kwenye kioo

*Nikipiga gari jeusi kwa kichujio cha kukata mng'ao, kioo cha mbele kinatoa madoa ya rangi rangi. Kwa nini?* — Msomaji, Chake Chake

Ni mikazo iliyomo ndani ya kioo kilichotiwa moto kiwandani, kichujio kinaifichua. Zungusha kichujio mpaka madoa yapungue, au kivue. Kumbuka pia kwamba kinakula kituo kimoja hadi viwili vya nuru, na kwamba hakikati mng'ao wa kromu, kinakata wa rangi na wa kioo tu. Bampa litaendelea kuakisi kila kilicho mbele yake. Na kwa gari jeusi vaa nguo nyeusi. Kanzu nyeupe itaonekana mlangoni mzima mzima, pamoja na aliyeivaa.

Ukungu ndani ya lenzi

*Lenzi zangu mbili zimeota ukungu ndani ya mwaka. Naziweka kwenye mikoba yake ya ngozi, kabatini. Nimeambiwa nizianike juani.* — Mpiga picha, Wete

Mikoba hiyo ndiyo shamba la ukungu: ngozi hunywa unyevu na haiuachii. Ukungu wa lenzi unahitaji hewa yenye unyevu wa juu, zaidi ya asilimia 60 hivi, na huku kwetu hali hiyo ni ya karibu mwaka mzima, masika ndiyo usiseme.

Nunua sanduku la plastiki lenye mpira kwenye mfuniko, la lita ishirini, kipimo kidogo cha unyevu, na gramu 200 za silika jeli ya rangi ya chungwa. Kipimo kisome kati ya 40 na 50. Chini ya 30 nako si kuzuri kwa grisi na mipira ya ndani. Silika ikigeuka kijani imeshiba. Itandaze kwenye sinia, uitie ovenini kwa nyuzi 120 kwa saa mbili au tatu, itarudi rangi yake. Jiko la makaa linafaa pia kama moto ni mdogo na unakoroga. Ile ya buluu iepuke, maana ina kobalti, na si ya kukaangwa kwenye chombo cha jikoni. Mchele wanaoushauri wengi unavuta unyevu kidogo sana na unaacha unga.

Jua linaweza kudumaza ukungu mchanga, lakini haliondoi nyuzi zilizokwisha kuota, na asidi yake ikishaula mpako wa kioo alama haifutiki. Mpelekee fundi mapema. Unaponunua lenzi iliyotumika fanya hivi: fungua tundu lote, mulika kwa tochi kutoka nyuma, kwa mshazari, utazame mbele. Nyuzi nyembamba zilizotawanyika, rudisha.

Chumvi ni suala jingine. Usiku wa siku ya ufukweni futa kamera kwa kitambaa chenye unyevu wa maji safi, kisha kikavu. Na ukitoka chumba cha kiyoyozi kwenda nje, kamera ikae begini imefungwa nusu saa, ipate joto taratibu, la sivyo kioo kitajaa mvuke.

Boksi la marehemu

*Tumekuta boksi la negativu za ami yetu, nyingi za magari ya rali ya miaka ya sitini na sabini. Baadhi zinanuka siki. Hatujui ni magari gani wala miaka gani. Tuanzie wapi?* — Familia, Mji Mkongwe

Anzeni na zinazonuka. Harufu ya siki ni msingi wa filamu unaooza, na mvuke wake huharakisha kuoza kwa jirani zake. Zitengeni leo, chumba kingine, mahali pakavu penye baridi kuliko kwengine. Hazirudi kuwa nzima. Zitajikunja na kusinyaa, kwa hiyo ndizo za kuskani kwanza. Mzitoe katika mifuko ya plastiki ya PVC, mziweke kwenye karatasi zisizo na asidi. Mshike pembeni tu, kwa glavu za pamba. Msivunje mpangilio wa mikanda: namba zilizo ukingoni zinaonyesha ipi ilitangulia, na picha moja mkiitambua huwafungulia mkanda mzima.

Kwa kuskani, kamera ya megapikseli 24 yenye lenzi ya makro ya 1:1 (inayopiga kitu kwa ukubwa wake halisi) inatosha. Inatoa pikseli 6,000 kwa upana wa milimita 36, yaani zaidi ya nukta 4,200 kwa inchi, na hiyo inachapika sentimita 50 kwa 34 bila wasiwasi. Kamera ielekee chini juu ya stendi, sambamba kabisa na filamu. Chini yake bao la nuru lenye CRI (kipimo cha nuru kuonyesha rangi sawasawa) ya 95 au zaidi, na kadi nyeusi izibe nuru yote inayopita pembeni. Upande usiong'aa utazame lenzi, halafu picha igeuzwe kwenye kompyuta. f/8, ISO 100, faili ghafi ya RAW, na mpulize vumbi kwa puto la mkono, si kwa mdomo.

Kutambua mwaka, tazameni gari na namba ya mlangoni. Washindi wa Safari wanajulikana: Volvo PV544 ya Joginder Singh ni 1965. Peugeot 404 ilishinda 1963, kisha 1966 mpaka 1968. Datsun 1600 SSS ni 1970, Datsun 240Z ni 1971 na 1973, ya 1970 na ya 1971 zikiendeshwa na Edgar Herrmann na ya 1973 na Shekhar Mehta. Ford Escort ya Hannu Mikkola ni 1972, Mitsubishi Lancer ya Joginder ni 1974 na 1976, Peugeot 504 ya Ove Andersson ni 1975. Mehta akashinda tena 1979 hadi 1982 kwa Datsun. Gari likiwa na matope mpaka kwenye paa, si ajabu: kwa miaka mingi mbio zilifanyika Pasaka, na Pasaka huangukia masika. Herufi za nchi nyuma ya gari nazo husema: EAK ni Kenya, EAU Uganda, EAT Tanganyika, EAZ Zanzibar. Msiandike jina la dereva kwa kukisia kofia. Andikeni "huenda", na sababu.

Jina la faili lianze na mwaka, kisha namba ya mkanda, kisha ya picha: 1966_M07_23. Nakala ziwe tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja iwe mbali na nyumba hiyo. Mkiwa na jamaa Pemba, diski moja ikae huko.

Mwisho, kuwa na negativu si lazima kuwa na haki ya picha. Kama ami alikuwa mwajiriwa wa gazeti au wa serikali alipozipiga, haki zaweza kuwa kwa mwajiri. Kama alijipigia mwenyewe, ni suala la warithi wote, si la aliyekuta boksi. Kaeni kifamilia, mwandike nani atasaini, ndipo mwende COSOZA. Akitokea mnunuzi anayetaka boksi zima kwa bei moja kabla hamjaskani, mwambieni asubiri.